Kiboko wa Bibi Matrida

Nilipokuwa mtoto niliiba maboga ya mjane, nikasema amemlisha kiboko. Mungu analijua hilo, na leo ulijue na wewe.

Tuliishi ng'ambo ya Ifakara, kando ya mto Kilombero, shamba letu la mpunga limepakana na la Bibi Matrida, aliyefiwa na mumewe. Masika moja kiboko dume alitoka mtoni akawa analala kwenye kidimbwi nyuma ya shamba lake. Usiku alikula mpunga wa watu. Wa bibi hakuugusa. Kwetu kiboko wa namna hiyo huitwa kiboko wa mtu: ametumwa, na aliyemtuma ndiye anayemlisha.

Baba yangu mdogo, Kasiani, alikuwa analitamani shamba lile siku nyingi. Akaniuliza mbele ya watu, "Wewe si ndiye unayepita kule? Maboga ya bibi yanakwenda wapi?"

Nikaogopa kuitwa mwizi. "Anampa kiboko," nikasema.

Wakaenda na mapanga kumwambia ahame. Nikafuata nyuma. Bibi alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamooni, wenye mapanga," aliwasalimu, na yeye ndiye mkubwa wao wote. "Haya, twendeni mkamwone huyo mwanangu."

Tukasimama mbali, juu ya kichuguu. Kiboko alikuwa amelala, mgongo umechanika vibaya, nzi wamemjaa.

"Mnaziona hizo alama za meno? Dume mwenzake kamfukuza. Mtoni kuna majani, kuna majike, na mwenye nguvu hataki kugawana. Huyu kashindwa, kaja kujificha. Kwangu haingii kwa sababu nalala shambani, napiga debe usiku kucha. Nyie mnalala kwa wake zenu!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia baba mdogo.

"Na wewe Kasiani, unayataka majani ya nani? Mimi siyo kiboko. Siendi kidimbwini."

Wakarudi na mapanga yao. Jioni bibi alinikuta kisimani, akaniinamia sikioni: "Mjukuu wangu, maboga yalikuwa matamu?" Nililia mpaka ndoo ikanishinda kubeba. Hakumwambia mtu mpaka anazikwa, palepale shambani kwake.

Shule niliishia la saba, na kusema kama uchawi upo au haupo siyo kazi yangu. Ila nimeishi bonde hili, na nimeona mchawi hupatikana penye shamba zuri.

Msimu huu tembo wamekula mashamba ya watu, la Mama Kabula wakaliruka. Ni Msukuma, mjane, hana ndugu hapa. Kesho baada ya misa wanamwitia kikao. Mimi nitakaa kwenye benchi lake, na habari ya maboga nitaisema hadharani. Wanicheke mpaka wachoke.

Benchi lile ni refu. Naomba uje ukae na sisi.