Ratili za Salimu na Faraji

Siku yangu ya kwanza pale kiwanjani Tononoka, Bwana Katibu wa chama chetu cha ndondi alinikabidhi mizani kubwa ya chuma na kitambaa cha kuipangusia. Alinichukua kwa kuwa nilikuwa mpimaji wa karafuu na iliki katika duka moja la Ndia Kuu. "Kujua nani atashinda si kazi yako," akaniambia. "Yako ni kusoma na kunadi."

Kunadi ndiko vijana wa leo wasikokujua. Bondia alipanda mizani na kikoi chake kiunoni, maana hatukumvua mtu nguo mbele za watu. Baadaye kikoi kilipimwa peke yake, uzito wake ukatolewa, kisha mimi nikapaza sauti kuzitaja ratili zilizobaki, kiwanja kizima kisikie. Nikishanadi, hakuna wa kubadilisha. Tofauti ikizidi ratili kumi, pambano halipigwi.

Miaka ile ya vita watu walibishana barazani hata kahawa ikawapolea. Je, Faraji, bingwa wa zamani wa uzani wa kati, angekutana na Salimu wa Tudor, kijana wa uzani mwepesi, ingekuwaje? Wengine waliapa kwamba Faraji angemmaliza raundi ya kwanza. Wengine walisema asingemgusa hata kivuli. Ulikuwa ubishi mtamu, nami niliupenda. Tatizo ni kwamba Bwana Katibu aliamua kuutia ulingoni.

Siku hiyo kiwanja kilifurika. Salimu akapanda mizani: mia na ishirini na nane. Faraji, ambaye tayari alikuwa mtu mzima na tumbo limeanza kumtoka: mia na sitini na tatu. Hizo ni ratili baada ya kutoa vikoi. Nikajua ngumi moja ya Faraji ikimpata yule kijana vibaya, huenda asiinuke.

Bwana Katibu, aliyesimama nyuma ya bega langu, akaninong'oneza, "Ongeza huku, punguza kule. Watu wamejaa, huwaoni?"

"Nawaona, bwana. Na mizani naiona."

"Ukinadi hizo, kesho usije."

Nikanadi. Nilitaja uzito wa huyu na uzito wa yule, kwa sauti ambayo sijapata kuitoa tena. Kiwanja kikachafuka, nikarushiwa maganda ya machungwa. Hayo hayakunishughulisha. Aliyeniumiza ni Salimu, aliyenijia machozi yakimlengalenga.

"Weye umenipiga kabla ya kengele! Nani alokuomba unihurumie?"

"Sikukuhurumia, mwanangu. Nimesoma mizani."

Hakunisalimu tena mpaka alipofariki, na hilo liliniuma kuliko kufukuzwa kazi.

Nilirudi Ndia Kuu, nikapima iliki mpaka macho yaliponistaafisha. Sasa vijana huketi wakawapambanisha mabondia wa enzi hii na ile, mnene na mwembamba, aliye hai na aliyekufa, kisha hunigeukia wakidhani nitaona haya kwa kuwanyima watu pambano lile. Sioni haya hata chembe. Tena niwaambie nisilomwambia Salimu: naamini angeshinda. Miguu yake ilikuwa myepesi, na Faraji pumzi zilikwisha kumpungua. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale, kabla sijafungua kinywa. Na wafufuliwe leo wote wawili, wapande mizani, nitanadi ratili zile zile.