Kaseti ya Kukamulia

Ng'ombe tuliyekuwa naye miaka ile ya tisini hakujua Kikuyu. Alizaliwa katika shamba kubwa upande wa Nanyuki, ambako wakamuaji walitoka pembe zote za nchi na lugha ya zizini ilikuwa Kiswahili. Mimi mwenyewe niliwahi kukamua katika shamba hilohilo nikiwa msichana. Shule sikupelekwa hata siku moja. Kiswahili changu nilikipata nikiwa nimechuchumaa kando ya ndoo, kwa mwanamke mmoja wa pwani aliyekuwa mke wa mpishi wa shamba. Huyo hakuruhusu mtu amguse ng'ombe bila kumbembeleza, na kubembeleza kwenyewe kulikuwa na maneno yake. Ulipaswa kumwita ng'ombe malkia. Ulipaswa kumuuliza nani amemuudhi. Kwa hiyo mume wangu aliponunua ng'ombe kutoka kule, akamleta kwetu karibu na Ruring'u, na ng'ombe akakataa kutoa hata kikombe cha maziwa, nilijua la kufanya. Nilimtoa mume wangu zizini, nikainama, nikasema: "Shusha, asali yangu. Shusha, mwenye macho ya usingizi." Maziwa yakaja.

Ieleweke kwamba sikuwa mtu wa maneno hayo. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na nilipoingia mkutanoni hata watoto wachanga walinyamaza. Nyumbani tulisema Kikuyu, na kwa Kikuyu nilimwita mume wangu Mzee, basi. Naye hakulalamika. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: punguza, ongeza, lete, ngapi. Aliponisikia kwa mbali nikiwa zizini, alidhani namkemea ng'ombe.

Mambo yalibadilika binti yetu alipokaribia kujifungua huko Kagio, alikoolewa. Mtoto aliyezaliwa ndiye huyu anayeandika haya ninayoyasema, naye ananitazama kana kwamba ninamsingizia. Nilitakiwa kwenda kumtunza mzazi kwa majuma kadhaa. Mume wangu alijua kukamua, tena mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, lakini ng'ombe hakumtaka. Alijaribu nikiwa nimesimama nje ya ua, na ng'ombe akageuza kichwa akamtazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Mwambie maneno," nilimwambia.

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia 'ongeza'. Naona bei yake ni hiyohiyo."

Jirani yetu, mwalimu wa kwaya, alipopata habari hizo alicheka mpaka akashika mti. Kisha akatuletea rekoda ya kwaya. Haikuwa na redio ndani yake. Ilikuwa mashine bapa ya kucheza kaseti na kunasa sauti tu, yenye tundu dogo la kusikilizia. Kaseti yenyewe ilikuwa na wimbo wa kwaya upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Upande huu ni wako, Mama," alisema. "Mwachie Mzee sauti yako, aende nayo zizini."

Jioni hiyo mume wangu alifinya vitufe viwili kwa pamoja, akaiweka mashine juu ya gunia la unga wa ng'ombe, nami nikamfukuza. Nilikamua nikibembeleza. Maziwa yalipokwisha, kaseti ilikuwa bado inazunguka, na sikujua kuizima. Kuiacha ikisikiliza bure niliona ni kama kumwacha mgeni bila chai, basi nikaendelea. Nikamwambia ng'ombe kwamba katika boma lile ni yeye peke yake mwenye shingo ya kupendeza. Nikamwambia kwamba ni yeye peke yake anayesikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza jinsi Mzee anavyokoroma. Nikamwita kipusa. Mwishowe kitufe kiliruka chenyewe, tak, nikanyamaza.

Kagio mambo yalikwenda vizuri. Mtoto alikuja salama, akiwa na sauti kubwa. Wachuuzi wa nyanya waliotoka upande wetu waliniletea salamu kwamba ng'ombe anatoa maziwa na Mzee amenenepa. Nilirudi Ijumaa moja jioni. Nilipokaribia ua nilisikia sauti yangu mwenyewe zizini ikiuliza, "Nani kakuudhi, kipusa changu?" Nilisimama, maana si jambo la kawaida mtu kujikuta amefika nyumbani kabla yake. Kisha nikasikia sauti ya pili, nzito, ikiyasema maneno hayo pamoja na mashine, neno kwa neno, na mahali pengine ikitangulia.

Mume wangu akatoka na ndoo imejaa. Aliponiona akasimama wima, akasema kwa Kiswahili safi:

"Karibu nyumbani, malkia wa shingo ndefu."

Niliweka kikapu chini.

"Wewe! Umeyajua lini hayo?"

"Asubuhi na jioni, Mama, asubuhi na jioni! Hata nguzo ya zizi sasa inajua Kiswahili. Ila hilo la kipusa lilinisumbua. Nilidhani ni ugonjwa wa kiwele. Nimekuwa nikimpaka mafuta."

Mume wangu hucheka kwa mabega, bila sauti. Mabega yalipanda na kushuka mpaka maziwa yakamwagika kidogo.

"Na miaka yote hii," alisema, "kwa nini hukuwahi kuniambia mimi maneno kama hayo?"

"Hukuwa unajua Kiswahili."

"Ningejifunza!"

Nilikuwa karibu kucheka pia. Wakati huo mwalimu wa kwaya alipita njiani, akapaza sauti juu ya ua.

"Mama, umerudi! Kesho alasiri nakuja kuchukua rekoda. Jumapili kwaya nzima itasikiliza wimbo. Na ule upande wa ng'ombe pia tutausikiliza, tujue siri ya maziwa!"

Alikwenda zake akicheka. Mimi hamu ya kucheka ilinitoka. Waimbaji wa kwaya ile walikuwa vijana ambao kila Jumapili niliwanyamazisha kwa kuwatazama tu. Niliona wazi kitakachotokea. Nitasimama siku moja na kusema, "Nyamazeni," na mtu wa nyuma kabisa atanijibu, "Shusha, asali yangu." Baada ya hapo sitakuwa mwenyekiti wa kitu chochote.

Kuichoma kaseti haikuwezekana, kwa sababu wimbo wao ulikuwa upande wa pili, na hawakuwa na nakala nyingine.

"Yafute maneno yote," nilimwambia mume wangu.

"Kwa kitambaa kikavu au chenye maji?"

Nilimtazama. Akaiingiza mashine chumbani, akafinya kitu kikalia kama nyuki, akatoka amefurahi. "Nimeyarudisha yote nyuma," alisema. Tukaicheza. Nikasikika mwanzo kabisa, mzima na mwenye nguvu, nikimwita ng'ombe asali.

Asubuhi ya Jumamosi tuliibeba kwa fundi wa redio pale Ruring'u. Hatukumweleza kilichomo, naye hakuuliza. Alisema:

"Mzee, hii haina kufuta. Iko na kuandika juu tu. Unafinya hizi mbili pamoja, halafu mnanyamaza mpaka ifike mwisho iruke. Kitu yoyote itasikika hapo, itabaki hapo."

"Na wimbo wa upande wa pili?" niliuliza.

Akatuonyesha mgongo wa kaseti. Mahali pamoja palikuwa na kipande kidogo kama jino. Mahali pa pili jino hilo lilikuwa limevunjwa. "Wimbo ndio huu wenye pengo. Hapo haiwezi kukubali kuandikwa. Na mkimaliza, Mama, msikilize yote. Watu wanasikiliza mwanzo peke yake, wanafurahi, halafu mambo inatokea katikati."

Tulirudi nikiwa na moyo mwepesi. Nusu saa ya kunyamaza ni kitu gani kwa mtu anayenyamazisha kanisa? Tulishindika mlango na dirisha, tukaketi mezani tukiwa na rekoda katikati, mume wangu akafinya vitufe. Kimya. Kuku mmoja alipita nje akinung'unika, nikamsamehe. Kimya tena.

"Inaendelea vizuri," mume wangu akasema.

"Umesema!"

"Na wewe umesema!"

"Nyamaza!"

"Nimenyamaza!"

Tukarudisha mwanzo. Mara ya pili ilikwenda mbali zaidi, na ingefika, kama nisingefanya kosa la kumtazama usoni. Alikuwa amefumba midomo kama mtoto aliyeficha sukari. Mabega yakaanza. Kiti chake kikaanza kulia, kwi, kwi, kwi, kikifuata mabega. Nilijizuia kwa kila nilichokuwa nacho, na mwishowe kitu kikanitoka puani ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu. Tulipoicheza kaseti, palikuwa na kiti, kisha pua, kisha sauti ya mwanamume ikinong'ona, "Kipusa."

Mara ya tatu niliamuru tufumbe macho. Tuliketi wima, mikono magotini, nyuso zimeelekea meza. Ilikwenda vizuri ajabu. Nilianza kuamini. Ndipo mlango uliposukumwa taratibu, nikajua kwa harufu ya sabuni kwamba ni mwalimu wa kwaya, amewahi kabla ya saa yake. Sikuweza kusema kitu, kwa sababu kingebaki. Nilifungua jicho moja. Alikuwa amesimama mlangoni akituangalia, wazee wawili wamefumba macho, wametulia. Uso wake ukajaa heshima. Akavua kofia. Akaketi. Akainamisha kichwa.

Na akaanza kuomba.

"Ee Bwana," alisema, kwa sauti ile ya kufika nyuma ya kanisa. Aliombea boma letu. Alimwombea mtoto mchanga wa Kagio. Alimwombea ng'ombe. Sijui kama niliwahi kuteseka kiasi kile. Niliuma kitambaa changu cha kichwa, na kutoka upande wa mume wangu kiti kilikuwa kimeanza, kwi, kwi. Mwalimu alidhani tunalia kwa kuguswa, akazidi kufungua moyo.

"Na kwaya yangu, Bwana, unaiona. Itazame sauti ya nne. Wanaimba kama watu wanaosukuma lori. Na yule dada wa mbele anayetaka kila ubeti auanzishe yeye, Bwana, mpe mafua. Mafua madogo tu, yasiyo na madhara, mpaka mashindano yapite..."

Tak. Kitufe kikaruka.

Mwalimu akafumbua macho. "Nini hiyo?"

"Ni kaseti," mume wangu alisema.

"Ilikuwa inacheza?"

"Ilikuwa inanasa."

Mwalimu aliitazama mashine, akanitazama mimi, akaitazama mashine tena. "Yote?"

"Mpaka mafua," nilisema.

Aliikunja kofia yake mikononi. Kisha akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, kama mtu anayeomba maji ya kunywa: "Mama, hivi maneno ya humu hufutwaje?"

Nilimweleza kama fundi alivyotueleza, bila kumwambia sisi tulikuwa tukifuta nini, naye hakuwa na nafasi ya kuuliza. Sasa tulikuwa watatu wenye haja moja. Niligawa nyumba. Kila mtu aliketi akitazama ukuta wake, migongo yetu ikielekea meza, na nikatoa amri kwamba asigeuke mtu hata nyumba ikiungua. Mume wangu alifinya vitufe na kukimbilia ukutani kwake kwa ncha za vidole. Kimya kilishuka, kimya kizuri, cha kanisani.

Ndipo kutoka ukuta wa mwalimu ikatoka chafya.

Hakuna aliyesema neno. Tulijua tusiseme. Lakini mtu aliyetoka kumwombea mwenzake mafua alikuwa amepiga chafya, na sote watatu tulilijua hilo huku tukitazama kuta. Wao husema mimi ndiye niliyeanza. Huenda ni kweli. Kilichonitoka kilitoka mbali, kikapanda, kikafunguka, nami nikaegemeza kipaji cha uso ukutani nikacheka kwa machozi. Mwalimu akajiunga, akipiga goti lake kwa kofia. Mume wangu alikuwa ameanguka kutoka kitini. Tulipotulia, mmoja alivuta pumzi, na pumzi hiyo ikatuangusha tena. Hatukuweza kuizima mashine, kwa sababu hakuna aliyeweza kuvuka chumba. Tulicheka mpaka ikaruka yenyewe.

Kisha tukaisikiliza yote kama tulivyoagizwa, mwanzo hadi mwisho. Malkia hayupo. Asali haipo. Sauti ya nne haipo wala yule dada. Neno hata moja halikusikika. Palikuwa na chafya, na watu wanaocheka, wanapumzika, wanacheka.

Mwalimu alijifuta macho. "Hii ninaweza kuibeba," alisema.

Siku ya pili, baada ya ibada, kwaya ilibaki kusikiliza wimbo, nami nikabaki na mume wangu kwenye benchi letu kuhakikisha. Wimbo ulichezwa ukaisha. Mwimbaji mmoja alitaka kuusikia tena, akaitoa kaseti na kuirudisha kwa upande wa pili. Chafya ikalipuka kanisani, kisha vicheko. Vijana walitazamana. Sauti ya nne ndiyo iliyoanza, kisha wote wakawa wanacheka bila kujua wanacheka nini, wengine wameshikana mabega.

"Mwalimu, huyu ni wewe!"

"Ni mimi," alisema mwalimu, akitazama viatu vyake.

"Na huyu mama anayecheka hivi ni nani?" aliuliza yule dada wa mbele. "Jamani, msikilizeni! Mama mwenye kicheko kama hiki ningependa awe shangazi yangu."

Wakaanza kubahatisha. Mmoja akasema ni muuza mboga wa stendi. Mwingine akasema hapana, ni mwanamke wa kanisa la ng'ambo ya mto. Waligeuka wakatazama benchi baada ya benchi, wakaangalia kila mwanamke aliyekuwa amebaki, na macho yao yalipofika kwangu yakapita. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunisikia nikicheka.

Kando yangu mume wangu alitazama dari, na benchi likaanza kulia.

Nikasimama. Nikakaza uso, nikawaambia wanyamaze. Wakanyamaza wote, mara moja, na kutoka nyuma hakuna aliyenijibu.