Mishono Mitatu kwenye Anemoni

Mtaani walimwita Hafumui, kwa sababu fundi huyu wa nguo alijisifu kwamba tangu ashike sindano hajawahi kufumua mshono wake mwenyewe. Ukimwambia mkono mmoja wa shati umepanda, atakujibu kuwa bega lako ndilo lililoshuka. Mbishi kupindukia, lakini suruali zake zilikaa mwilini, basi watu wakamvumilia.

Sebuleni, kando ya cherehani, alikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi. Humo aliishi anemoni mmoja, yule mnyama wa baharini anayeng'ang'ania jiwe kwa kitako na kupepea minyiri yake kama ua. Aliletwa akiwa sawa na kifungo cha koti. Hafumui na binti yake, kitinda mimba, wakamlea hadi akajaa sahani. Tangu mama mtu afariki walibaki wawili tu nyumbani, na mnyama huyo ndiye aliyewapa la kuzungumza.

Sasa binti alikuwa ameposwa, na alitaka kuhama na anemoni. Baba akang'aka.

"Haondoki hapa!"

"Baba, ni wangu pia."

"Basi subiri azae. Wakiwa wawili, chukua mmoja uende. Kabla ya hapo sitaki kusikia habari za harusi."

Majirani walicheka, lakini mzee hakuwa na mzaha. Aliogopa kubaki peke yake na cherehani, na kwa kuwa hakuweza kulisema hilo, akamfanya mnyama kisingizio. Binti naye alirithi kichwa kigumu cha babaye. Hakulia. Alianza kumnenepesha anemoni: vipande vya samaki kila alipotoka kazini, maji safi, taa ya kutosha. Alikuwa amesoma kwamba anemoni aliyeshiba huweza kujigawa mwenyewe. Baba hakuuliza, naye hakumwambia.

Asubuhi moja, binti akiwa kazini, Hafumui alimkuta anemoni amejivuta, nusu upande huu wa jiwe, nusu upande ule, na katikati amechanika kuanzia mdomoni. Mtu mwingine angepiga simu. Yeye ni fundi, na kwake kilichochanika hushonwa. Akalihamishia jiwe kwenye beseni la maji yale yale, akachukua sindano nyembamba na uzi wa hariri, akampiga mishono mitatu. Minyiri ilimwasha vidole, asijali. Kazi ilitoka safi, akajipongeza.

Binti aliporudi alishika kichwa. "Baba! Alikuwa anazaa!"

"Kuzaa gani huko kwa kuchanika?"

"Ndivyo wanavyofanya. Anajivuta mpaka anakatika, kisha kila nusu inapona na kuwa mzima. Uzi huo ukibaki ataoza, tutakosa vyote!"

Hafumui aliitazama mishono yake. Angeweza kushikilia ubishi. Binti angebaki nyumbani kumuuguza mnyama, na harusi ingesogea. Wazo hilo lilimpitia, tusifiche. Kisha akauona uso wa mwanawe, akapiga moyo konde.

"Lete mkasi mdogo. Shika beseni, usitikise."

Akafumua. Miwili ya kwanza ilitoka kirahisi. Wa tatu ulikuwa umezama kwenye nyama, akauvuta taratibu huku jasho likimtiririka puani, kisha wakalirudisha jiwe tangini.

Anemoni alisinyaa, akatoa ute. Binti alikata tamaa, mzee akakataa katakata. Kila siku alibadilisha maji kidogo, akapima chumvi, akafokea yeyote aliyegonga tangi. "Hafi huyu," alisema. "Sijampa ruhusa."

Hakufa. Nusu zile ziliachana, kila moja ikatambaa upande wake, ikajikunja, ikaziba kidonda, ikapata mdomo wake. Zilipoanza kula, binti alikuja na ndoo.

"Nichukue yupi, Baba? Mama ni yupi na mtoto ni yupi?"

Mzee aliinamia kioo muda mrefu. Walilingana kabisa.

"Hapa hakuna mama wala mtoto. Hawa ni watu wazima wawili." "Sikutaka uondoke, mwanangu. Hayo ndiyo maneno yote. Haya, shika ndoo vizuri."

Akakunja mikono ya shati, akaingiza mkono majini.