Vigingi vya korongo vimeuza kinamasi chetu

Admin, nifiche kabisa, maana watu wa kwetu wanafuata hii page. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nane, nasomea masters ya uhifadhi wa wanyamapori hapa Juja. Kwetu ni Theta. Shamba la marehemu baba linaishia kwenye kinamasi, na humo kwenye matete ndimo korongo wenye taji hutaga. Hao ndio utafiti wangu.

Ili watu wasikanyage viota, nilipiga kigingi kando ya kila kimoja, nikakifunga kitambaa chekundu. Nyumbani niliwaeleza wote. Lakini mnaijua Theta ya siku hizi, kigingi kikionekana asubuhi, jioni broka wa kuuza ploti amefika. Mabroka walipoanza kumuuliza kaka yangu bei ya ploti, badala ya kusema ukweli aliwatembeza kati ya vigingi vyangu, akawauzia nusu kwa mdomo tu, bila hati. Mimi niko Juja naandika. Kurudi nikakuta malori yamemwaga murram, ule udongo mwekundu wa kujazia, nusu ya kinamasi, mayai yako chini yake. Nililia pale pale, na kaka akacheka.

"Si ulitusaidia! Surveyor hatukuhitaji."

Nikamkimbilia mama. "Wenzako wamejengea mama zao nyumba kule Membley," akaniambia, "wewe umesoma ukakuwa soja wa kulinda ndege. Ngai!"

Hata msimamizi wangu chuoni alinishauri nigeuze mada, niandike jinsi viota vinavyopotea. Yaani nivae joho kwa sababu ya unyama wa kaka. Nina hasira.

Sasa wanataka kuuza nusu iliyobaki, na bado ina viota. Shamba bado liko kwa jina la baba, na hati haitoki mpaka warithi wote waweke sahihi, kwa hivyo bila yangu hawawezi. Mama ameapa nikikataa nisikanyage mazishi yake, na kwetu laana ya mzazi, kirumi, si mchezo. Wiki hii nimemsalimia kila siku, anageuza uso.

Kinachoniuma zaidi, mama huyu ndiye aliyenionyesha korongo mara ya kwanza, nikiwa mgongoni mwake akichota maji. Alikuwa akisema wakicheza, mvua iko karibu.

Jumatatu natakiwa kwa wakili Thika. Nyinyi mlio na mama, na nyinyi mliowazika wenu, niambieni, niweke sahihi au nikatae?