Senti Zenye Tundu Bustanini Embu

Sina subira, na kila anayenijua analijua hilo. Kwa hivyo kakangu aliposema mbele ya ukoo mzima kwamba akili ya Mama imechoka, na kwamba kuanzia sasa yeye ndiye ataamua mambo ya shamba lake, nilijikuta nimeshasimama.

"Amesahau nini?" nikamuuliza.

Kakangu akacheka. Yeye hufanya kazi ya ofisi na huishi mtaa wa Majimbo mjini, na hucheka kama mtu aliyekwisha kufunga faili. "Juzi ametuambia eti yeye na shosho, mama yake, walikuwa wanauza vitu pale ndani ya bustani ya Embu tauni. Si kila mtu anajua pale ilikuwa ya wazungu kuchezea? Soko ilikuwa kule chini tangu zamani."

Mama alikuwa papo hapo, mikono mapajani. Kuiona mikono ile kuliniuma kuliko maneno ya kakangu, kwa maana shamba lile alililima peke yake tangu sisi tukiwa wadogo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia kule Mitunguu, nilikoolewa. Mwalimu mwenzangu alikuwa na mashine ya kutafutia chuma ardhini. Aliinunua akiota dhahabu, akapata misumari. Niliiazima. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mahali wanawake wameuza vitu mwaka baada ya mwaka, lazima pesa zilianguka nyasini. Kama soko lilikuwa pale, senti zipo. Niliiandikia ofisi ya mji barua kuomba ruhusa, nikapigiwa muhuri, nikaambiwa nifukie kila shimo na niwaonyeshe kitakachopatikana.

Mama alikuwa amesema kwamba ukiingia tu, safu yao ilikuwa mkono wa kulia. Jumamosi ya kwanza nilishinda mkono wa kulia. Mashine ililia, nami nikachimba kwa bisibisi na kijembe: vifuniko vya soda, kijiko, ufunguo, vifuniko tena. Kufikia saa nne watu wa bodaboda walikuwa wamenizunguka.

"Madam, unapimia nani hii bustani? Hii ploti haiuzwi!"

Walidhani mimi ni saveya, mpima ardhi, niliyetumwa na mnyakuzi wa ardhi. Nilitaka kuwafokea, nikatoa barua, na mmoja akaisoma kwa sauti mpaka muhuri. Lakini moyoni nilifurahi. Kipande cha nyasi kikilindwa namna hiyo, mji una wenyewe.

Jioni kakangu alivitazama vile vifuniko. "Kumbe soko ya Mama ilikuwa ya soda," akasema. Sikulala vizuri. Na niseme ukweli, hata mimi nilianza kuwa na shaka.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua Mama mwenyewe. Alifika langoni akasimama.

"Kwa nini tunaingilia huku?" aliniuliza kwa Kiembu.

"Si hili ndilo lango, Mama?"

"Hili ni la juzi. Sisi tulikuwa tunaingilia kule ng'ambo."

Niliona haya. Mwalimu mzima wa fizikia, nilikuwa nimepima mkono wa kulia kutoka kwenye lango lisilokuwepo enzi zake, na sikuwa nimemuuliza hata mara moja. Alikataa mkono wangu, akavuka bustani polepole mpaka ng'ambo, akageuka mpaka jua la asubuhi likawa mgongoni kwake. Hivyo ndivyo walivyokaa, alisema, ili jua lisiwachome macho wakiwa na mteja. Akaanza kuonyesha. Hapa wauza tumbaku. Hapa chumvi. Pale mwisho wanawake wa upande wa Siakago, na mtama wao na asali.

"Chimba hapo," akasema.

Mashine ilitoa mlio mwembamba, safi, ambao sikuwa nimeusikia Jumamosi iliyopita. Kina cha kiganja tu, nikatoa senti kumi ya zamani, imeota kijani, ina tundu katikati. Hatua mbili mbele, nyingine. Kisha nyingine, zote kwenye ule mstari wake.

Watu wa bodaboda walikuwa wamerudi. Mama akawaeleza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Hii shimo ni ya kamba. Tulikuwa tunaingiza kamba hapa, tunafunga kwa kiuno. Kamba ikikatika, pesa inaingia kwa nyasi."

"Shosho, uko na memori kushinda simu yangu!" mmoja akasema, na Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo, nikimtazama kutoka chini, na sijawahi kuona fahari kama ile kuwa mtoto wa mtu.

Jioni, kabla ya kuzipeleka ofisini, nilizipanga zile senti mezani kwa Mama. Kakangu alizigeuza moja moja. Nilimweleza habari ya lango, nikajitayarisha kwa ugomvi, kwa kuwa nilikuwa na maneno mengi niliyoyaweka akiba. Hakunitazama mimi. Alimgeukia Mama, akakohoa.

"Mama, pale chini karibu na mto, tupande nini?"

Mama alimaliza chai yake kwanza. "Nduma," akasema.

Kesho yake baada ya kanisa nilimkuta kakangu huko mtoni, suruali ya kanisani imekunjwa mpaka magotini, akipanda nduma, yale magimbi yapendayo maji, pale Mama alipokuwa akimwonyesha kwa kidole.