Nani Ataniosha Huku Shambani

Mume wangu alipostaafu bandarini alipatwa na homa ya shamba. Wenzake walitulia barazani mtaani kwetu Kibokoni na kahawa zao. Yeye akanunua pori ng'ambo ya Feri, ndani kabisa huko Kwale. Nilikasirika, sifichi. Lakini watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, na mume ni mume. Nikafunga mizigo.

Shoga yangu wa nyumba ya pili alinicheka. Mwenda tezi na omo, akasema, marejeo ni ngamani. Yeye na mimi tulikuwa waosha maiti wa mtaa; wanawake wangapi wamepita mikononi mwetu, Mungu ndiye ajuaye. Na tulikuwa tumeahidiana tangu ujana: atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, asifunuliwe mbele ya mgeni.

Huku shambani simu haishiki mpaka upande kilima, na kwa magoti haya kilima sikiwezi. Siku moja mume wangu alipanda kuuliza habari za mbegu, akashuka na habari ya msiba. Shoga yangu alikuwa amefariki juzi yake. Kwetu maiti hacheleweshwi. Alizikwa alasiri ileile. Nilipofika Kibokoni, hitima imeshasomwa na mikeka imekunjwa. Nikamuuliza binti yake ni nani aliyemwosha mamake. Akasema ni wanawake waliotafutwa mtaa wa Tudor, hakuwa akiwajua. Nililia njia nzima mpaka Feri, watu wakinitazama.

Niliporudi sikumsemesha mume wangu. Nilimlaumu yeye, na kilima, na kila muhogo aliopanda. Alivumilia, hata chakula nilichompikia bila chumvi. Jioni ya pili alikuja akaketi mkekani karibu yangu.

"Mimi nitakuosha," akasema. "Sheria yaruhusu."

"Hujui hata pa kuanzia."

"Basi nifundishe."

Nikajinyoosha palepale na kanga zangu, nikamwelekeza: tumbo likandwe kwa upole, viungo vya udhu, kisha upande wa kulia kabla ya kushoto. Alirudia kila neno langu kama mtoto wa chuo. Niliogopa, na nikamwonea huruma. Yeye ataoshwa na nani, hakuna aliyeuliza.

Maji huku huletwa na punda, na kiangazi twaoga kwa kopo moja. Asubuhi yake aliweka pipa nyuma ya nyumba, akalijaza maji, akalifunika. "Haya ni ya siku hiyo," akasema. Hatuligusi, hata mihogo ikikauka.