Heshima Ilivyotaka Kuharibu Msiba wa Baba

Baba yangu, Mzee Ponsian, hakujua kunong'ona. Alijaribu sana, hasa kanisani, lakini mtu aliyesimama miaka thelathini na moja ubavuni mwa injini ya dizeli ya kukoboa mpunga hana tena kipimo cha sauti. Mashine ilikuwa mtaa wa Makanyagio, nyumba yetu iko mtaa mwingine, Nsemulwa, na mama alikuwa akisema kwamba siku upepo ukivuma vizuri hahitaji simu kujua kama mume wake ameshakunywa chai. Injini ilipoondolewa ikawekwa mota ya umeme, majirani wa mashine walimshukuru Mungu. Baba hakuona tofauti. Aliendelea kusema na wateja kana kwamba wako ng'ambo ya mto.

Kasheshe ilikuwa Jumamosi, siku ya maungamo. Wenzake walipiga magoti, wakamnong'oneza padre, wakaondoka na siri zao. Baba alipiga magoti na kanisa zima likajua. "BABA PADRE, NIMEMDANGANYA MAMA ERASMUS KWAMBA SIJALA, KUMBE NIMEKULA MARA MBILI!" Mama alikuwa kwenye foleni. Alijifunika uso kwa kitenge akasema maneno aliyoyasema kila siku ya ndoa yao: "Baba Erasmus, punguza sauti!" Nina hakika wapo watu waliokuwa wakija kuungama bila dhambi yoyote, ili mradi wapange foleni nyuma ya baba.

Mimi ni binti yake wa pekee, Eufrazia, fundi cherehani, na sikumwonea aibu hata siku moja. Alinifundisha jedwali la kuzidisha palepale mashineni, mimi nimekaa juu ya magunia, yeye kope zimekuwa nyeupe kwa vumbi la pumba, anauliza kwa nguvu, najibu kwa nguvu. Hadi leo nusu ya wafanyabiashara wa Makanyagio wanajua saba mara nane kwa sababu yangu. Aliyeona aibu ni kaka yangu Erasmus. Erasmus alisoma, akapata kazi ya ofisini Dodoma, na kila alipopigiwa simu na baba alitoka nje ya jengo.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Malale, maana bila yeye huwezi kumweleza baba. Malale ni Msukuma, mkulima wa Kasekese. Baba alikuwa Mpimbwe. Wakakutana mashineni, Malale amekuja na mpunga wake, na kabla gunia la kwanza halijafunguliwa walikuwa wameshatukanana mara tatu. Wapo wazee wanaobisha kwamba Wapimbwe na Wasukuma si watani wa asili. Baba alikuwa akiwajibu kwamba utani hauombewi kibali wilayani. Alidai Msukuma akifiwa na mke analia siku moja, akifiwa na ng'ombe analia mwaka. Malale naye alidai Mpimbwe anajua kuwinda tu, hamjui ng'ombe, akiona ndama anatafuta sufuria, anadhani ni swala katoroka hifadhini. Waliendelea hivyo miaka ishirini na sita.

Mke wa Malale, Mama Dorika, alipofariki, Malale aligoma kula. Siku tatu kakaa ukutani anatazama miguu yake. Watoto wake wakampigia baba simu. Baba akafunga mashine, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria, akaenda Kasekese. Alipofika aliingia jikoni, akavaa kitenge cha marehemu, akajifunga kilemba chake, akatoka na mwiko mkononi anatembea kwa madaha kama alivyotembea mama yule, huku akigomba kwa sauti iliyosikika vijiji viwili: "MALALE! NIMEONDOKA JUZI TU, TAYARI UMEUSUSIA UGALI WANGU? ULIKUWA UNAULA KWA KUNIOGOPA?" Malale akamtazama Mpimbwe yule mwenye ndevu ndani ya kitenge. Akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akachoka, halafu akanawa mikono.

Toka siku hiyo wakawekeana ahadi. Atakayetangulia, aliyebaki amharibie msiba. Baba alinirudia jambo hilo hospitalini, wiki ya mwisho, kifua kimembana. Alidhani ananong'ona. "EUFRAZIA, NISIZIKWE KAMA MWALIMU MKUU. MALALE AJE." Wodi nzima ikaitikia kwamba itahakikisha anakuja.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Nililia nikajigaragaza, sioni haya kusema. Mama hakulia. Alikaa kwenye godoro sebuleni, wanawake wamemzunguka, akafunga mdomo. Hakusema neno, hakumeza kitu. Uji ulikuja wa moto ukaondoka wa baridi. Ijumaa ikapita hivyo. Jumamosi asubuhi nesi jirani yetu akampima, akanivuta pembeni akaniambia, "Dada, asipokula leo jioni, mpelekeni hospitali. Mwili wake unaisha." Nikajiambia hakuna shida, Malale anakuja, na anajua dawa ya ugonjwa huu.

Nilikuwa sijui Erasmus alishafanya nini. Kaka yangu alifika Ijumaa na ratiba iliyochapwa kwa rangi, na mshereheshaji wa kukodi, na wasifu wa marehemu kurasa nne. Halafu akampigia Malale simu. "Mzee wangu, safari hii tunaomba msiba wa heshima. Watakuwepo wageni kutoka ofisini kwangu." Malale akajibu, "Sawa mwanangu. Heshima itakuja."

Ikaja kweli. Ilikuja Jumamosi saa nne asubuhi, imevaa koti jeusi, tai, na viatu vinavyobana. Malale alipita akishika watu mikono kwa mikono yake miwili, anasema poleni sana, poleni sana. Akanipa na mimi pole. Mtu ambaye maisha yake yote amenipa pole mara moja tu, siku niliyoolewa, na alikuwa anampa mume wangu! Akaketi kiti cha mbele, mikono magotini, akatulia kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti.

Watu walichanganyikiwa. Walishajiandaa. Kina mama wa jumuiya walikuwa wameficha mwiko na kitenge cha mama nyuma ya mlango, wakijua vitahitajika. Kila Malale alipokohoa, turubai zima liligeuka. Hakuna kitu. Nikamfuata akiwa amekwenda kunawa uso.

"Mzee Malale, mbona unatuangusha? Mama hajala siku ya tatu leo!"

"Nimemwona, ng'wanawane," akaniambia, kwa Kisukuma chake cha kuniita mwanangu. Macho yalikuwa mekundu. "Unadhani napenda? Hivi viatu vinaniua. Lakini utani una mwenyewe. Mwenye msiba akikataa, mtani anakaa chini. Nikifanya kwa ubishi, yale ni matusi tu. Erasmus ndo mkubwa wenu. Aniombe yeye."

Nikaenda kwa Erasmus. Akanitazama kama nimemwomba achome nyumba. "Frazia, mbele ya mkurugenzi wangu, mzee aanze kurukaruka amevaa kitenge? Baba amechekwa vya kutosha alipokuwa hai." Ningemzaba kofi, ila nikaelewa kwamba mjinga huyu anadhani anamlinda baba. Nikamwacha.

Mchana huo makaburini, baada ya sala, Erasmus akasoma wasifu. "Marehemu alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, na mkimya." Kwenye neno mkimya, mtu wa nyuma akapaliwa. Mwingine akaanza kumpigapiga mgongoni ili naye apate kisingizio cha kuinamisha uso. Padre alishughulika ghafla na miwani yake. Malale peke yake alikaza macho kwenye viatu vyake, machozi yanamdondokea kwenye ile tai, na alionekana mzee kuliko nilivyowahi kumwona.

Mshereheshaji akatangaza kwamba jeneza likishushwa familia itasogea kumwaga udongo, lakini kabla halijashushwa mjane atangulie kuaga. Tukamsimamisha mama, mimi huku, Erasmus kule. Alikuwa mwepesi, namna ambayo mama hajawahi kuwa. Akasimama mbele ya jeneza akalitazama kama mtu anayetazama basi ambalo si lake. Erasmus akamwinamia. "Mama, sema chochote. Muage." Akamgusa bega. "Mama, tafadhali." Mama hata hakugeuka.

Hapo nikaona ratiba inakunjamana mkononi mwa kaka yangu. Akaikunja ikawa kidonge. Akageuka upande wa viti.

"Mzee Malale," akasema taratibu, "naomba umseme baba."

Malale akatega sikio. "Sisikii."

"Naomba umtanie baba."

"Unaongea kama panya wa sakristia. Mimi nimezoea sauti ya baba yako. Omba kama mtoto wa Ponsian!"

Erasmus akatazama wageni wake wa ofisini. Akamtazama mama. Akavuta pumzi, na ikatoka sauti ambayo sikujua anayo, ile ile, ya mashineni kabisa: "NAOMBA UMTUKANE BABA YANGU!"

Njiwa waliruka. Malale akainuka, akavua koti, akavua viatu akavitupa vichakani kwa hasira ya kweli. Tai akamvisha mkurugenzi juu ya ile aliyokuwa nayo. Kisha, miaka sabini na kitu, akashuka kaburini, vijana wanamshika makwapa, akajilaza chali.

"Pananitosha!" akapiga kelele kutoka chini. "Huyo mrudisheni mashineni! Mpimbwe anachimbiwa shimo zuri hivi la nini, anataka kuficha nyama ya hifadhi? Sitoki mpaka nipewe gunia la pumba! Na mumwambie aliyeandika wasifu, kama Ponsian alikuwa mkimya, basi mimi ni Mtakatifu Tereza!"

Sasa watu wakacheka. Walicheka kwa deni la siku tatu. Katekista alishikilia msalaba usianguke. Nami nikacheka huku machozi yananitoka, maana kwa mara ya kwanza toka Alhamisi ilikuwa kama baba yupo karibu, kaenda tu kufunga mashine, anakuja.

Ila mama alikuwa vilevile. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi.

Nadhani Malale aliliona hilo kutoka mle shimoni.  Kisha sauti ikapanda, na haikuwa ya kwake. Akina mama waliokuwa karibu nami wakapiga ishara ya msalaba.

"BABA PADRE! NIMETENDA DHAMBI! NIMEMDANGANYA MAMA ERASMUS KWAMBA NINAENDA HOSPITALI SIKU MBILI TU! NA YULE SAMAKI WA MWAKA JUZI, PAKA HAKUMLA, NILIMLA MIMI! NA NIMEMPENDA MIAKA AROBAINI, SIJAMWAMBIA, NILIDHANI ANANISIKIA!"

"Baba Erasmus!" mama akasema. "Punguza sauti!"

 Alisema kwa ukali uleule wa foleni ya maungamo, kitenge kimeshafika usoni. Halafu akasikia alichokisema, akaliona jeneza. Akaketi udongoni. Alilia pale chini kwa sauti kubwa ambayo baba mwenyewe angeisikia bila taabu, na Erasmus akalia naye, kwa sauti hiyohiyo, mkurugenzi mwenye tai mbili amesimama nyuma yao anampepea mama kwa karatasi ya wasifu. Malale tulimtoa. Alipewa ahadi ya gunia la pumba, na padre ndiye aliyekuwa mdhamini.

Jioni mama aliomba maji, kisha akauliza kama wali upo, na kama mchele wake ulichambuliwa chenga. Nikampelekea. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, wanawake wote wanajifanya hawamtazami. Malale alikaa mlangoni peku na sahani yake, maana viatu havikuonekana tena. Erasmus alikuwa uani anaongea na simu, na kila mtu ndani alisikia.

Mama akamgeukia Malale.

"Umechelewa, shemeji," akamwambia. "Toka asubuhi Baba Erasmus anakusubiri."

Malale akaweka sahani chini. Akanyoosha miguu amwonyeshe malengelenge ya vile viatu.